Miji sita, usiku 13: uchambuzi wa ratiba ya familia moja

Kaka yangu alinitumia ratiba yake usiku wa Ijumaa moja ya Januari 2025. Lilikuwa jedwali lililopangwa kwa upendo: kila mji na rangi yake, kila siku na mstari wake, na chini kabisa ameandika, "Dada, pitia tu uone kama tarehe zimekaa sawa." Paris usiku 3, Amsterdam 2, Barcelona 2, Venice 2, Florence 2, Roma 2. Kufika Paris Jumapili tarehe 20 Julai, kuanza safari ya kurudi Jumamosi tarehe 2 Agosti. Tiketi ya kwenda na kurudi aliyoipanga ilikuwa ya kuingilia Paris na kutokea Paris.

Wasafiri walikuwa sita. Mama yetu, umri miaka 72, anatembea vizuri sana kwenye tambarare lakini magoti yake hayataki ngazi. Kaka na wifi. Binti yao wa miaka 15, kijana wa miaka 10, na mdogo wa miaka 4 ambaye bado hulala mchana, na asipolala nyumba nzima inajua. Mimi sikuwa msafiri. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapangia ndugu na marafiki safari zao, na kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu yaliyomo nayaona karibu katika kila ratiba ya familia inayopita mikononi mwangu. Tena na mimi nilikosea mara mbili, na nitasema wapi.

Siku ya kuhama

Hesabu ya tarehe ilikaa sawa. Kwa hiyo nilianza na siku za kuhama, maana hapo ndipo ratiba nyingi hufia. Nikachukua Jumapili ya tarehe 27 Julai, kutoka Barcelona kwenda Venice. Kwenye jedwali la kaka ilikuwa mistari miwili tu: asubuhi ndege, saa 1 na dakika 50, mchana kuzunguka Venice.

Nikaandika kwenye karatasi kinachotokea kweli kwa watu sita. Kuamsha watoto, kufunga mabegi, kupata kifungua kinywa na kukabidhi vyumba: saa moja na nusu. Teksi mbili hadi uwanja wa El Prat na kushusha mizigo: dakika 45. Kuwahi uwanjani kabla ya ndege: saa mbili. Angani: saa 1 na dakika 50. Kushuka, kusubiri mabegi, kumpeleka mtoto chooni: dakika 50. Kutoka uwanja wa Marco Polo, ambao uko bara, hadi Venice yenyewe iliyo ndani ya maji: saa moja. Kutafuta hoteli kwenye vichochoro visivyopitika kwa gari, Mama akipumzika kwenye kila daraja: nusu saa, na hapo nimepunguza. Jumla ni saa 8 na dakika 25, kwa safari ambayo kwenye jedwali haikufika saa mbili.

Vijana wawili wenye begi la mgongoni hupoteza nusu siku wanapohama mji. Familia yenye mzee na mtoto mdogo hupoteza siku nzima, kwa sababu hata zile saa chache zinazobaki jioni hakuna mwenye nguvu ya kuzitumia. Ratiba ya kaka ilikuwa na siku 5 za namna hiyo. Ukiziondoa, pamoja na siku ya kufika na ya kuondoka, zinabaki siku 7 kamili kwa miji 6. Paris ina mbili, kila mji mwingine una moja. Yaani Roma, mji wa miaka zaidi ya elfu mbili, ilipewa Ijumaa moja.

Lakini lililonifanya nimpigie simu usiku uleule lilikuwa siku ya mwisho. Tarehe 2 Agosti wangeamka Roma, wapande ndege ya asubuhi kwenda Paris, kisha wapande ndege ya nyumbani mchana. Tiketi mbili, za kukatwa mbali mbali.

"Kaka, hiyo siku ya mwisho ifute leo hii, hata kama hutagusa kitu kingine."

"Lakini nimeacha saa nne katikati, dada."

Saa nne zinaonekana nyingi mpaka ukumbuke kwamba mabegi hayaendi yenyewe kutoka tiketi moja hadi nyingine. Unayasubiri, unatoka nayo, unahamia jengo jingine, unapanga foleni upya kuyakabidhi. Na zaidi ya hayo, tiketi ya pili haijui kama ile ya kwanza ipo. Ndege ya Roma ikichelewa, ile ya nyumbani inaondoka na viti sita vitupu, na shirika halidaiwi kuwapandisha nyingine. Ipo sheria ya Umoja wa Ulaya, namba 261 ya mwaka 2004, inayompa abiria fidia ndege ikifika kwa kuchelewa saa 3 au zaidi kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika. Kwa safari ya hadi kilomita 1,500 ni euro 250 kwa mtu. Fedha hiyo ni ya ndege iliyochelewa. Hainunui tiketi sita mpya za kuvuka bahari mwezi Agosti. Usiku wa mwisho wa safari lazima ulalwe kwenye mji ambao ndege ya nyumbani inaondokea, na katika hili silegezi kamba kwa mtu yeyote.

Mji huu ni wa nani?

Jumapili nilikwenda kwao. Sikubeba kompyuta. Nilikata vipande sita vya karatasi, nikaandika mji mmoja kwenye kila kipande, nikavitandaza mezani. Nikawaambia kila mtu achukue mji mmoja tu, ule ambao akirudi nyumbani bila kuuona atasononeka.

Mama hakusubiri nimalize. Aliiweka Venice mapajani. "Mji wa majini," akasema. "Nimeuona kwenye kalenda kabla wewe hujazaliwa." Kaka akachukua Roma, kwa ajili ya Koloseo, ule uwanja wa kale wa Warumi. Wifi Paris. Binti akachukua Amsterdam, na hakueleza sana: anataka kuingia kwenye nyumba aliyojificha Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwakimbia Wanazi. Kijana akaivuta Barcelona kwa mikono miwili. Mdogo akachukua kilichobaki, Florence, akaanza kukikunja awe na ndege.

"Florence aliiweka nani?" nikauliza.

Wakatazamana. Mwishowe wifi akasema, "Wifi, kila orodha niliyosoma inayo."

Mimi naipenda Florence. Sanamu ya Daudi aliyoichonga Michelangelo kati ya 1501 na 1504, yenye urefu wa zaidi ya mita 5, ni kitu ambacho picha haiwezi kukuandaa kukiona. Lakini katika nyumba ile haikuwa na mwenyewe. Iliingia kwa sababu iko njiani na kwa sababu watu husema usiikose. Kuba la kanisa kuu lake lina ngazi 463 na halina lifti, kwa hiyo Mama angebaki chini na mtu wa kumwangalia. Niliwaza kuifanya kituo cha saa tano, kwani treni za Roma kwenda Venice hupita hapo na mizigo inaweza kuachwa stesheni. Nikamfikiria yule wa miaka 4 katikati ya joto la Julai, amekosa usingizi wake, na safari nyingine ya saa mbili bado iko mbele. Florence ikatoka. Hakuna aliyesononeka.

Barcelona ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu hiyo ilikuwa na mwenyewe. Nikamuuliza kijana anataka kuona nini hasa. "Uwanja," akajibu. Sikutaka kumwambia, lakini ilibidi: Camp Nou ulikuwa kwenye ujenzi tangu katikati ya 2023 na timu ilikuwa ikichezea uwanja mwingine, wa Montjuïc. Baba yake hakuwa anajua. Wangesafiri siku nzima kwenda na siku nzima kutoka ili mtoto akaone mashine za ujenzi. Nikamweleza kuwa Amsterdam, mji ambao tayari dada yake ameuchagua, una uwanja ambao tangu 2018 unaitwa kwa jina la Johan Cruijff, aliyeichezea Ajax, timu ya Amsterdam, akaichezea Barcelona, kisha akarudi Barcelona kuwa kocha, na wageni hutembezwa ndani mpaka kwenye vyumba vya wachezaji. Alikaa kimya kidogo. "Kwa hiyo shangazi, ni kama babu wa Barcelona?" Ndiyo, nikamwambia, unaweza kusema hivyo. Akairudisha karatasi yake mezani mwenyewe.

Hilo ndilo swali ninaloanza nalo siku hizi kabla sijafungua ramani. Mji wenye mwenyewe unaweza kuugombania, kuupa siku, kuuvumilia usumbufu wake. Mji usio na mwenyewe unakula siku za wenzake.

Kugeuza njia

Ikabaki miji minne. Hapo ndipo tarehe zilipoleta shida yao. Kaka aliiweka Roma mwisho, usiku wa tarehe 31 Julai na 1 Agosti. Mwaka 2025 ulikuwa mwaka wa Jubilei ya Kanisa Katoliki, ambapo mahujaji wengi huenda Roma. Mlango Mtakatifu ulikuwa umefunguliwa tarehe 24 Desemba 2024, na kalenda ya mwaka mzima ilikuwa wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Jubilei ya Vijana ilipangwa kuanzia tarehe 28 Julai hadi 3 Agosti, na mkesha wake mkubwa katika viwanja vya Tor Vergata, nje kidogo ya mji, ulikuwa tarehe 2 Agosti. Ulipofika, vijana takriban milioni moja walikusanyika. Mtu anayekwenda kwa ajili ya mkusanyiko huo amepata neema. Anayekwenda na bibi mwenye magoti mabovu kuona Koloseo anatakiwa awe ameondoka.

Kwa hiyo tuligeuza njia nzima kichwa chini. Roma kwanza, usiku 4, kuanzia tarehe 20. Kisha Venice 3, Paris 4, Amsterdam 2. Kuhama mara tatu badala ya tano: treni, ndege, treni. Siku kamili zikawa 9 kwa miji minne.

Kwa kugeuza huko tiketi ya Paris kwa Paris haikufaa tena. Kaka aliogopa bei, kwa kuwa aliwahi kutafuta tiketi mbili za kwenda tu na zikamtisha. Hiyo si njia yake. Mahali pa kutafutia tiketi huwa na sehemu ya kuchagua miji mingi: unaweka kuingilia Roma na kutokea Amsterdam, na bei inakuja kama tiketi moja. Kwa tarehe zao ilizidi kidogo ile ya awali, ila iliondoa ndege ya watu sita kutoka Roma kurudi Paris, na iliondoa ile siku ya mwisho iliyoninyima usingizi.

Makaratasi

Wifi alikuwa ameshaanza kujaza fomu ya viza ya Ufaransa. Sababu yake ilikuwa kwamba ndege inatua Paris kwanza. Nasikia hivyo kila mara, na si sahihi. Viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Nchi ya kwanza kuingia huangaliwa pale tu ambapo siku zimelingana. Hata kwenye ratiba yake ya mwanzo, Venice, Florence na Roma zilikuwa na jumla ya usiku 6 nchini Italia, na Ufaransa 3. Angepeleka maombi mahali pasipo pake. Kwenye ratiba mpya Italia ilikuwa na 7, Ufaransa 4, Uholanzi 2, kwa hiyo ni Italia bila ubishi.

Mengine ya viza nayapita haraka. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45, ila kinachokwamisha watu mara nyingi ni kupata miadi ya kupeleka karatasi. Ada ya ubalozi ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka kabla ya kutimiza 12, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Kwao ilikuwa euro 405. Bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hoteli zote tulichukua zile zinazoruhusu kufuta bila malipo.

Pasipoti ndiyo iliyotaka kutuangusha. Niliomba kila mtu apige picha ukurasa wake. Ya Mama ilikuwa inaisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kaka alikuwa ameitazama na kuona iko salama, kwani safari inaisha Agosti. Lakini sharti ni kwamba pasipoti ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu. Miezi 3 baada ya 2 Agosti ni 2 Novemba. Mama alipungukiwa na siku 19. Kama tungeligundua hilo dirishani siku ya miadi, safari yake ingeishia pale. Pasipoti mpya ilipatikana katikati ya Machi, na mpaka siku hiyo sikuruhusu tiketi yoyote yenye jina lake ikatwe.

Madaraja ya Venice

Venice ndiyo iliyochukua muda wangu mwingi kuliko miji mitatu yote, na sijutii, kwa sababu ilikuwa ya Mama. Ni mji wa visiwa zaidi ya mia vilivyounganishwa na madaraja zaidi ya mia nne, na karibu yote yana ngazi za kupanda na kushuka. Hakuna gari, hakuna teksi ya magurudumu, hakuna baiskeli. Kaka alikuwa amepata nyumba nzuri ya kupanga, iliyoandikwa "dakika 6 kutoka stesheni". Nikaifungua ramani, nikaikuza, nikafuata njia kwa kidole. Unatoka stesheni ya Santa Lucia, na mbele yako kuna daraja la Scalzi linalovuka Mfereji Mkuu, ngazi juu ngazi chini. Baada yake kulikuwa na mawili mengine madogo. Madaraja matatu, na kigari cha mtoto, na mabegi manne, na Mama. Kisha ghorofa ya tatu, bila lifti.

Nikabadilisha namna ya kutafuta. Niliacha kuangalia dakika nikaanza kuhesabu madaraja kati ya kituo cha boti na mlango wa hoteli, nikitaka yawe sifuri. Boti ya abiria ya namba 1 hupita Mfereji Mkuu wote na kusimama pande zote mbili, na mtu hupanda kwa kivuko tambarare bila ngazi. Usiku wa pili nikapata hoteli ndogo upande wa San Stae: unashuka kwenye boti, unatembea kichochoro kimoja kilichonyooka, umefika. Na ina lifti. Nilimpigia Mama simu saa nne usiku kumwambia. Akauliza kama dirisha linaona maji. Lilikuwa linaona uani. Nikamwambia ukweli, akasema basi ataketi nje kituoni.

Mambo mawili ya Venice huwaponyoka watu. Treni zina vituo viwili vyenye jina la mji: Venezia Mestre iko bara, na Venezia Santa Lucia ndiyo iliyo kisiwani, mwendo wa dakika kama 10 mbele. Hoteli za Mestre ni za bei nafuu, ila mji alioutaka Mama hauko huko. Pili, tangu 2024 kuna ada ya kuingia kwa wanaokuja na kurudi siku hiyohiyo katika siku zilizotajwa, na tarehe 25 hadi 27 Julai 2025 zilikuwa miongoni mwake. Anayelala hotelini mjini halipi, lakini inampasa kujiandikisha ili awe na namba ya msamaha kwenye simu.

Paris, na kosa langu la kwanza

Niliisoma kalenda ya Roma kwa makini, nikajiona nimemaliza. Kalenda ya Paris sikuifungua. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni, tiketi zote zimeshalipwa, ndipo nikaona kwamba Jumapili tarehe 27 Julai, siku wanayotua Paris, ni siku ya mwisho ya mbio za baiskeli za Tour de France: zinaishia barabara ya Champs-Élysées, na mwaka huo kwa mara ya kwanza siku hiyo ya mwisho zilipitishwa pia kilima cha Montmartre. Barabara zingefungwa mchana kutwa, na mimi nilikuwa nimewapangia gari la kuwapokea uwanjani.

Bahati ni kwamba hoteli ilikuwa karibu na stesheni ya Gare du Nord. Niliichagua kwa sababu treni ya Amsterdam inaondokea hapo siku ya Alhamisi, na treni ya RER B inatoka uwanja wa Charles de Gaulle hadi stesheni hiyohiyo chini ya ardhi. Nikafuta gari, wakaja kwa treni. Kama wangetua Beauvais, nisingekuwa na la kufanya. Kaka aliwahi kuniletea tiketi ya bei ya chini kabisa inayotua huko. Uwanja huo huuzwa kwa jina la Paris ilhali uko takriban kilomita 85 kutoka mjini, na bei ile haikuhesabu begi hata moja la kukabidhi.

Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne na hukaa wazi mpaka saa tatu usiku siku za Jumatano. Kwa hiyo wifi na binti walikwenda Jumatano jioni, kaka akabaki na wadogo. Familia kugawanyika kwa jioni moja si dhambi. Nadhani inasaidia hata kupendana. Notre-Dame, kanisa kuu lililoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, waliingia wote sita, bila kiingilio.

Saa za tiketi, na kosa la pili

Jambo dogo ambalo lina uzito kwetu tunaohesabu saa kuanzia alfajiri: tiketi inaposema 8:30, msomaji mmoja nyumbani ataona saa mbili na nusu asubuhi na mwingine ataona saa nane na nusu mchana. Kwenye karatasi yao niliandika kila saa kwa namna mbili, ile ya tiketi na ile ya mdomoni. Majina nayo yalinakiliwa herufi kwa herufi kutoka pasipoti, kwa sababu tiketi za Koloseo hutolewa kwa jina la mtu na hukaguliwa mlangoni. Watoto chini ya miaka 18 huingia bure, ila nao lazima wakatiwe tiketi.

Nilizikata kwa Jumanne tarehe 22, saa 14:00, yaani saa nane mchana. Nilitaka wapate asubuhi ya kupumzika. Hilo ni kosa langu la pili. Saa nane mchana wa Julai Koloseo ni tanuri la mawe, na kivuli chake ni haba. Mama alikaa ukutani na chupa ya maji, kaka akaona nusu ya alichokuja kukiona, mdogo akalia mpaka akalala. Ilitakiwa iwe asubuhi mlango ukifunguliwa, na mapumziko yahamie mchana. Kaka hakunilaumu, lakini Roma ulikuwa mji wake, na nusu ile bado anadai.

Amsterdam hoteli za katikati zilikuwa zimejaa, kwani Jumamosi ya kwanza ya Agosti kuna maandamano makubwa ya mashua kwenye mifereji. Tukaweka nafasi karibu na stesheni ya Bijlmer Arena, ambako treni za kwenda Schiphol, uwanja wa ndege, hupita moja kwa moja, kwa hiyo Jumamosi hawakulazimika kukatiza mji na mizigo. Uwanja wa Cruijff uko ng'ambo ya stesheni hiyo. Kijana aliniambia kwamba aliamka mara mbili usiku kuhakikisha upo.

Tiketi za nyumba ya Anne Frank huuzwa mtandaoni tu, na kila Jumanne hutolewa za wiki ya sita mbele. Asubuhi ya tarehe 17 Juni mimi na binti tulikaa kila mtu kwake na simu yake. Tulipata mbili, za Ijumaa tarehe 1 Agosti, saa 18:45, basi. Ngazi za nyumba ile zimesimama karibu kama ukuta, na Mama asingeziweza kwa vyovyote. Binti akaingia na mama yake.

Usiku ule alinitumia ujumbe wa sauti. Hakuzungumzia foleni wala vyumba. Alisema, "Shangazi, wewe ulijua? Siku ya mwisho aliyoandika kwenye shajara yake ni tarehe 1 Agosti 1944. Siku tatu baadaye wakakamatwa. Na leo ni tarehe 1 Agosti." Sikuwa najua. Tarehe ile tuliipata kwa kuwa ndiyo iliyobaki.